Mchelea Mbwa Kulia

Mbwa kugongwa na gari si jambo geni Horohoro. Hapa ndipo barabara ya kutoka Tanga, mwendo wa kilomita 65 hivi, inapofika mpakani na kuendelea Lungalunga upande wa Kenya. Usiku na mchana malori husimama foleni yakisubiri karatasi za forodha. Mbwa wa walinzi na wa wenye maduka hupenda kulala chini ya malori hayo kwa sababu ya kivuli. Dereva akiitwa kusogea huwasha gari na kuondoka, na si kila mbwa huwahi kuamka.

Kisa cha leo kilianza hivyo hivyo. Nakisimulia kwa ridhaa ya mwenye mbwa, mzee mmoja wa hapa Horohoro mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ila jina lake nalihifadhi. Mwenyewe ndiye aliyenihimiza. "Waeleze watu," aliniambia, "maana mimi hakuna aliyenieleza nikamsikia."

Mbwa wake aliitwa Bosi, dume wa rangi ya kahawia, mlinzi hodari wa duka. Gurudumu la lori lilimponda mguu wa nyuma wa kushoto ukasagika mfupa na nyama. Mzee hakufanya ajizi. Alimpakia kwenye pikapu ya jirani na kumkimbiza mjini Tanga asubuhi ile ile. Daktari wa mifugo alipomwona alisema mguu ule hauokoki, na ukiachwa utaoza na kumuua. Akaukata juu, karibu na nyonga. Upasuaji ukaenda salama. Bosi akarejea nyumbani akichechemea kwa miguu mitatu, mkia ukipiga huku na huku kwa furaha ya kuwaona watu wake.

Wiki mbili hazikutimia, Bosi akafa. Lori halikumuua, na kisu cha daktari hakikumuua. Alikufa kwa mambo yaliyofanyika uani kwake, kwa mikono ya watu waliompenda. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Tunapopeleka mnyama kwa daktari tunadhani kazi kubwa imekwisha pindi akitoka mezani akiwa hai. Kumbe daktari huwa amefanya nusu ya kazi tu, na nusu iliyobaki hukabidhiwa sisi. Simlaumu mzee wetu hata kidogo. Yeyote kati yetu angeweza kupita njia ile ile aliyopita, mimi nikiwemo, kwa sababu kila hatua aliyochukua ilionekana ni ya huruma.

Daktari alimpa karatasi ya maelekezo. Mbwa avae kola ya plastiki shingoni mpaka nyuzi zitolewe. Apewe dawa ya maumivu mara moja kwa siku na antibiotiki mpaka ziishe. Asikimbie, asiruke, asipande ngazi. Kidonda kitazamwe kila siku na kisiloweshwe. Arudishwe baada ya siku 10 hadi 14 kutolewa nyuzi. Chini kabisa palikuwa na namba ya simu. Mzee aliisoma karatasi mara moja, akaikunja na kuitia kwenye droo ya duka pamoja na risiti za saruji. Huko ndiko ilikokutwa baadaye, haijakunjuliwa tena.

Usiku wa kwanza Bosi alilia, si kwa kubweka bali kwa sauti nyembamba ya kuvuta, akinyamaza kidogo na kuanza tena. Mzee hakulala. Laiti angejua kwamba kulia kwa namna ile usiku wa kwanza na wa pili hutokea mara nyingi. Dawa za usingizi na za maumivu zinapoanza kuisha mwilini, mbwa huchanganyikiwa, haelewi yuko wapi wala kilichompata. Wengine hushtuka ghafla wakageuka kuutazama mguu usiokuwepo, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyokatwa huendelea kupeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Kulia huko kunataka mtu akae karibu, atulize, amgeuze upande na ahakikishe dawa ya daktari imetolewa kwa wakati. Kukizidi, kunataka simu ipigwe kwa daktari, aongeze dawa au aibadilishe.

Mzee hakupiga simu. Alifungua mkoba wake akatoa vidonge vya diklofenaki anavyomeza yeye mwenyewe mgongo ukimsumbua. Akampa Bosi kimoja ndani ya tonge la ugali. Kesho yake kimoja tena, na keshokutwa vivyo hivyo. Dawa aliyoiandika daktari pia iliendelea kutolewa. "Nilichotaka ni anyamaze alale," aliniambia.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana kosa hili ndilo linaloua mbwa wengi kimya kimya. Dawa za maumivu za binadamu si za mbwa. Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake hutoboa tumbo la mbwa kwa vidonda na kuharibu figo zake. Hata panadoli tunayoiona nyepesi inaweza kuharibu ini la mbwa ikizidi kipimo, na kwa paka ni sumu ya kuua. Jambo jingine ambalo wengi hatulijui ni kwamba dawa anayoandika daktari wa mifugo kwa maumivu ya upasuaji mara nyingi ni ya jamii moja na hiyo diklofenaki. Ukizitoa pamoja hujaongeza nafuu, umeongeza sumu juu ya sumu. Fikiria meloksikamu, ambayo hutumiwa kwa watu na kwa mbwa pia. Mbwa wa kilo 20, baada ya siku ya kwanza, huhitaji miligramu 2 tu kwa siku, ilhali kidonge cha binadamu kina miligramu 7.5 au 15. Hata pale jina la dawa linapofanana, kipimo hakifanani kabisa. Kukisia kipimo kwa macho ni kucheza na roho ya mnyama.

Dalili ya kwanza iliyopuuzwa ilitokea siku ya tatu, na ilihusu kola. Bosi hakuipenda. Ilikuwa ikigonga miimo ya mlango, ikimzuia kunusa chakula chake, naye akawa anaikwaruza kwa mguu wa mbele huku akimtazama bwana wake. Mzee akaona ni mateso juu ya mateso. Akaifungua. Saa hiyo hiyo Bosi akageuka na kuanza kulamba mshono. Mke wa mzee alimwona akawaita waliokuwepo, lakini jibu alilopata ni lile tunalolisikia tangu utotoni, kwamba ulimi wa mbwa ni dawa.

Si dawa. Mdomo wa mbwa umejaa vijidudu, na ulimi wake unakwaruza. Mshono uliofungwa vizuri unaweza kufumuka kwa saa moja ya kulambwa, na meno ya mbele hung'oa uzi kwa urahisi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na sioni mahali usemi huo unapofaa zaidi ya hapa. Kola humkera mbwa kwa siku mbili tatu, kisha huizoea. Kama kweli inamsumbua wakati wa kula, ivue umesimama pale pale mpaka amalize, kisha mvike. Aliyekosa ya dukani anaweza kukata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, akauzungushia ukingo wake kitambaa laini usimkate shingo, na kuifunga kwa kamba kwenye mkanda wa shingo wa mbwa. Kitu cha kuangalia ni kwamba ndoo ipite pua, la sivyo atakifikia kidonda.

Dalili ya pili aliiona mtoto. Mjukuu wa mzee, msichana wa darasa la pili, alikuwa akipeleka maji kwenye kopo la Bosi. Alirudi ndani akasema, "Babu, Bosi ananuka." Mzee akamjibu kwamba mbwa wote hunuka. Kesho yake akarudi tena na kusema, "Shikamoo babu. Bosi ana nzi wengi pale kwenye mguu." Akaambiwa awafukuze kwa tawi la mwarobaini.

Siku za mwanzo baada ya mguu kukatwa, wekundu kidogo, uvimbe na rangi ya kuvilia damu kuzunguka mshono ni kawaida. Majimaji mepesi ya rangi ya waridi kwa siku moja au mbili pia si ya kutisha. Harufu mbaya si kawaida siku yoyote. Usaha, joto linaloongezeka pembeni ya kidonda, ngozi inayoachana na uvimbe unaokua baada ya kuwa umepungua, vyote hivyo vinasema kidonda kimeingiliwa. Nzi nao hawaji bure. Katika joto na unyevu wa pwani yetu, hasa miezi ya kaskazi, nzi hutaga juu ya kidonda chenye majimaji, na ndani ya siku moja mayai huanguliwa yakawa funza wanaokula nyama. Mtoto yule alikuwa amesoma dalili sawasawa, na mara mbili alitoa taarifa. Watu wazima hawakumwamini kwa sababu ni mtoto na kwa sababu anayezungumziwa ni mbwa.

Dalili ya tatu ilikuwa kinyesi. Mbwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji anaweza kukaa siku tatu au nne bila kwenda haja kubwa, na hilo lisikutie hofu iwapo anakunywa na kukojoa. Bosi alipoenda, alitoa kinyesi cheusi, kinachonata kama lami, chenye uvundo usio wa kawaida. Kijana wa dukani alikichota kwa sepeto akakitupa, akamwambia mzee kwamba pengine ni mabaki ya maini aliyopewa juzi. Weusi ule ulikuwa damu. Tumbo likitoboka vidonda, damu huteremka na kumeng'enywa njiani, ikitoka huwa haifanani na damu tena. Mtu anayemeza dawa za maumivu, au anayemmezesha mnyama, akiona weusi wa namna hiyo anapaswa kuacha dawa papo hapo na kumtafuta daktari kabla jua halijatua.

Dalili ya nne ilikuwa kukataa chakula. Kwanza aliacha ugali akachagua dagaa. Baadaye akaacha dagaa. Kisha akawa anakunywa maji mengi na kuyatapika. Mzee alimpelekea supu ya kichwa cha samaki, akamnyanyua kidevu na kumnywesha kwa kijiko, akimbembeleza kama mgonjwa wa ndani ya nyumba. Mapenzi hayakukosekana katika ua ule. Lililokosekana ni mtu wa kukaa chini, akaziweka dalili zote pamoja, na kuona kwamba zinaelekea upande mmoja. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa yamejaa.

Walipomrudisha Tanga, ufizi wake ulikuwa mweupe na mwili hauna nguvu. Daktari alikuta nyuzi zimefumuka, funza ndani ya kidonda, tumbo linavuja damu na figo zimeelemewa. Akampa maji ya mishipa na kufanya aliloliweza. Bosi hakuuona usiku wa pili.

Nimekaa na mzee mara kadhaa tukijiuliza ilikuwaje dalili nne za wazi zikapita mbele ya macho ya watu zaidi ya watano. Sababu zipo, na nadhani zipo katika nyua nyingi za pwani yetu, ndiyo maana nazitaja.

Ya kwanza ni kwamba, ukimwacha mzee, hakuna aliyemsogelea mbwa. Sisi wengi huku tunafuata madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa ni najisi ambayo kuitoharisha ni kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Watu wa nyumba ile wana sala tano, hivyo wengine wote walimtazama Bosi kwa mbali. Kidonda hakionekani kwa mbali. Twahara si kikwazo cha kumhudumia mnyama. Glavu za mpira zinauzwa katika maduka ya dawa, na nguo moja ya kazi inaweza kutengwa kwa shughuli hiyo. Tunasoma katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim habari ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Mtu yule alilazimika kumsogelea mbwa. Mzee wetu naye alimsogelea, lakini alikuwa peke yake na mchana kutwa yuko dukani.

Ya pili ni umbali na gharama. Kutoka Horohoro kwenda Tanga na kurudi na mbwa mgonjwa kunataka gari la kukodi, kwani si kila daladala itakubali kumpakia. Mzee alikuwa ametumia fedha nyingi kwa upasuaji, akaona aibu na uzito kurudi tena kabla ya siku ya nyuzi. Lakini simu haina nauli. Namba ilikuwa kwenye karatasi. Siku hizi daktari akitumiwa picha ya kidonda kwa WhatsApp anaweza kusema ndani ya dakika chache kama ni jambo la kusubiri au la kukimbilia. Wilaya yetu ya Mkinga ina maafisa mifugo. Huenda afisa mifugo wa kata asiwe na vifaa vya upasuaji, ila anaweza kupima joto, kutazama mshono na kukuunganisha na daktari.

Ya tatu ndiyo inayotudanganya zaidi: mbwa huficha maumivu. Bosi alikuwa akitikisa mkia mpaka siku mbili kabla ya kufa. Watu wakasema, "Huyu mzima, tazama mkia." Mkia unaeleza kwamba mbwa amefurahi kukuona, hauelezi kwamba tumbo lake ni zima. Mbwa mwenye maumivu huonekana kwa mambo madogo. Huhema harakaharaka akiwa amelala kivulini, hubadilisha mkao kila mara asiupate, hukunja mgongo, hujitenga, hunguruma akiguswa mahali alipozoea kuguswa. Na hapa niwaonye wenye watoto: mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata anayempenda. Mtoto asiachwe naye peke yake katika siku hizo. Akitokea mtu ameng'atwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Mbwa wako awe na chanjo kabla ya yote haya.

Sasa tuseme umempata daktari, mguu umekatwa, unamrudisha mbwa wako nyumbani. Ufanye nini ili yasikukute yaliyomkuta mzee wetu?

Andaa mahali kabla hajafika. Pawe pakavu, penye kivuli na hewa, mbali na kuku na mbwa wengine. Kibaraza kinafaa kuliko mchangani chini ya mwembe. Tandika magunia safi au godoro jembamba lenye foronya ya kufua, na ubadilishe likilowa. Mtundikie chandarua. Chandarua kile kile tunachojikinga nacho na mbu kitamkinga na nzi wa mchana, na kwa maoni yangu hakuna kinga rahisi kuliko hiyo katika mazingira yetu.

Sakafu ya saruji iliyong'arishwa na vigae ni adui wa mbwa wa miguu mitatu. Akiteleza mara moja anaweza kupasua mshono, au kuumia mguu uliobaki na kupoteza ujasiri wa kusimama. Tandaza zulia la mpira au magunia kwenye njia yake, na uyabane yasitembee.

Anapotoka kwenda haja, msaidie. Chukua kanga kuukuu, ikunje kwa urefu iwe pana kiasi cha kiganja, ipitishe chini ya tumbo mbele ya mguu wa nyuma uliobaki, kisha inyanyue kwa upole kutoka juu huku yeye akitembea. Usimbebe mzima mzima. Kanga inapokea sehemu ya uzito tu. Kwa mbwa dume, isogeze mbele kidogo asizibwe njia ya mkojo. Aliyekatwa mguu wa mbele hutegemezwa kifuani, naye huhitaji subira zaidi, maana miguu ya mbele ndiyo inayobeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mbwa. Mtembeze kwa kamba, dakika chache tu, mara kadhaa kwa siku. Atataka kukimbia mapema kuliko unavyodhani, kwani mbwa wengi husimama wenyewe ndani ya siku moja au mbili. Mzuie. Kusimama si kupona, na nyama za ndani zinahitaji majuma kadhaa kushikana.

Kila asubuhi na jioni, vaa glavu umtazame. Piga picha ya kidonda kwa simu, mahali pale pale, kwa mwanga ule ule. Kidonda hubadilika polepole kiasi kwamba anayekiona kila siku haoni mabadiliko, lakini picha ya leo ukiiweka karibu na ya juzi itakueleza ukweli. Nyanyua mdomo utazame ufizi. Uwe wa waridi, na ukiubonyeza kwa kidole ukawa mweupe, urudie rangi yake ndani ya sekunde mbili. Ukiwa mweupe, huenda anapoteza damu. Nunua kipimajoto kimoja kiwe cha mbwa peke yake. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39 na pointi kidogo, hivyo usishtuke kuona limezidi la binadamu. Likipita 39.5, piga simu.

Usimpake kitu kidondani ambacho daktari hakukisema. Nimeona watu wakipaka majivu, tumbaku, oili chafu ya gari, hata maji ya betri. Vyote hivyo huunguza nyama mpya au huingiza uchafu, na mbwa akivilamba hudhurika mara ya pili. Mshono mzima unataka kuwa mkavu na kuachwa. Usimwogeshe mpaka nyuzi zitoke, na asipelekwe baharini wala mtoni kwa fikra kwamba chumvi inakausha.

Chakula kiwe kidogo kidogo, laini, chenye kitoweo cha kutosha, na maji safi yasikatike. Mifupa iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha. Akishapona usimnenepeshe kwa kumhurumia. Mbavu zake ziwe zinapapasika kwa urahisi chini ya ngozi. Kila kilo inayozidi inabebwa na miguu mitatu, na viungo vyake vitachoka mapema.

Antibiotiki zimalizwe hata kama amechangamka. Dawa ya maumivu itolewe kwa saa iliyosemwa, pamoja na chakula, na isiongezwe nyingine juu yake. Akitapika, akitoa kinyesi cheusi au akigoma kula siku nzima, simamisha dawa hiyo ya maumivu na umpigie daktari.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na inamtaka mwenye mnyama amlinde dhidi ya mateso na ahakikishe anatibiwa anapougua. Ni vizuri kuijua, lakini sheria haiwezi kuingia katika kila ua kutazama mshono. Kazi hiyo ni yetu wenye ua.

Ndugu msomaji, mbwa wa miguu mitatu anaweza kuishi maisha kamili. Anakimbia, analinda, anacheza na kuzeeka. Mbwa haoni haya kwa mguu aliopoteza, na akipewa majuma machache ya uangalizi hujifunza mwendo mpya. Bosi angeweza kuwa hivyo. Kwa hiyo ukimrudisha mbwa wako kutoka kwa daktari, usiitie karatasi kwenye droo. Ibandike ukutani mahali kila mtu wa nyumba atakapoiona, watoto wakiwemo. Gawa zamu: nani anatoa dawa, nani anatazama kidonda, nani anamtoa nje. Hifadhi namba ya daktari katika simu mbili. Kola ibaki shingoni hata akikutazama kwa macho ya kukuomba. Vidonge vyako vibaki vyako. Na siku mtoto atakapokuja kukuambia kwamba mbwa ananuka, acha ulichoshika, vaa glavu, uende ukaangalie.